Gayogayo, Papa na Utando wa Mafuta

Kabla boti za Kizimkazi hazijaanza kubeba watalii wanaokwenda kuwatazama pomboo, pomboo wenyewe walikuwa na kazi nyengine kabisa. Walikuwa chambo. Wavuvi wa ncha hii ya kusini ya Unguja waliwavua, nyama nyengine ikaliwa, nyengine ikakatwa vipande na kutiwa kwenye ndoana kwa ajili ya papa. Utalii wa pomboo ulipoingia miaka ya 1990, watu wakapiga hesabu zao: pomboo aliye hai anaingiza fedha kila asubuhi, aliyekatwa anaingiza mara moja basi. Kufikia katikati ya muongo huo uvuvi wa pomboo ukawa umekoma. Papa yeye aliendelea kuvuliwa, kwa jarife na kwa dhulumati, maana papa mkavu hajawahi kukosa mnunuzi.

Aliyewahi kutega papa anajua kuwa mnyama huyu si mchaguzi. Hula taa, hula pweza, hula kasa, na akimkuta papa mwenziwe amenasa kwenye ndoana humla naye. Ndiyo maana ni ajabu kwamba kwenye mchanga wa bahari hiihii anaweza kuwapo samaki bapa asiye na mwiba wala meno ya kutisha, ambaye papa akimtia kinywani humtema na kukimbia.

Samaki huyo ni aina mojawapo ya gayogayo. Wataalamu wanamwita Pardachirus marmoratus, na jina la pili alipewa na Mfaransa Lacépède mwaka 1802. Makazi yake yanaanzia Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, yanateremka na pwani yote ya Afrika Mashariki mpaka Durban, kwa hiyo Unguja iko katikati ya njia yake. Ni mdogo, shubiri moja na ushei. Mgongo wake una rangi ya mchanga uliochanganyika na madoa ya kahawia, macho yote mawili yamehamia upande mmoja, na mapezi ya kifuani hana. Hujifukia mpaka yakabaki macho tu juu ya mchanga. Ukimtazama kwa karibu pembezoni mwa mwili, pale mashina ya mapezi ya juu na ya chini yanapoota, utaona vitundu vidogo vimejipanga, viwili viwili kwa kila mshipa wa pezi. Mbane kidogo, na vitundu hivyo vinatoa majimaji mazito meupe ya rangi ya maziwa.

Mtu wa kwanza kuyachukulia majimaji hayo kwa uzito alikuwa Eugenie Clark, mtaalamu wa samaki wa Marekani aliyefariki mwaka 2015. Alikuwa akifanya utafiti Bahari ya Shamu, akamshika gayogayo huyu, akahisi vidole vinamwasha na kukaza. Wengi wangenawa mikono na kuendelea na kazi. Yeye alirudi na kufanya majaribio: alifunga samaki wa aina mbalimbali kwenye kamba moja, gayogayo akiwa miongoni mwao, akawaachia papa. Papa wakala wote wakambakisha huyo mmoja. Aliyejaribu kumuuma alibaki na taya wazi, akitikisa kichwa huku na huku kama aliyepooza mdomo. Clark aliandika habari hiyo kwenye jarida la National Geographic mwaka 1974, na tangu hapo samaki huyu akawa maarufu kwa jina la samaki asiyelika na papa.

Mpaka hapo ni kisa kizuri cha baharini. Kinachonivutia mimi ni kilichofuata, ambacho magazeti hayakukishughulikia sana. Wanakemia wa Israeli walipoyachambua yale majimaji meupe katika miaka ya 1970, walitoa ndani yake sumu wakaiita pardaksini. Mwaka 1986 kundi jengine, safari hii likichunguza ndugu wa samaki huyu anayeishi Pasifiki, lilichapisha kwenye jarida la Science kwamba sumu ya aina hiyo imeundwa na peptidi, tena zinazofanana kwa tabia na melitini, ile inayofanya sindano ya nyuki iume. Peptidi ni kipande kifupi cha protini, mnyororo wa asidi amino zilizounganishwa moja baada ya nyengine. Nyama ya samaki tunayokula ina protini zenye mamia ya asidi amino. Pardaksini ina 33 tu. Melitini ina 26.

Kitu kidogo kiasi hicho kinamfanyaje papa aache kinywa wazi?

Jibu lilikuja kwa njia ya sabuni. Mwaka 1984 Eliahu Zlotkin wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem na Samuel Gruber wa Chuo Kikuu cha Miami walichapisha wazo ambalo naliona la busara kuliko yote katika kisa hiki. Kama sumu ya gayogayo inafanya kazi kwa namna sabuni inavyofanya, walisema, basi papa na akimbizwe kwa sabuni. Wakachukua sodiamu laurili salfeti, kitu kilekile kinachotoa povu kwenye dawa ya meno, wakawapulizia papa mdomoni. Papa wakakimbia. Kwa nini basi mzamiaji wa leo hauziwi kichupa cha sabuni cha kujikinga na papa? Kwa sababu ukiimwaga baharini tu inazimuliwa mara moja na haifanyi kitu. Ni lazima ifike kinywani, karibu na matamvua. Gayogayo hana taabu hiyo. Yeye wakati huo yumo kinywani tayari.

Sasa, sabuni huua vipi? Kila seli hai, iwe ya tamvua la papa, ya figo la mtu au ya bakteria kwenye kidonda, imezungukwa na utando wa mafuta. Ni mwembamba ajabu, unene wake kama nanomita 5. Unywele mmoja wa mtu una nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo ungehitaji kupanga tando 16,000 kuufikia. Umeundwa na safu mbili za molekuli ziitwazo fosfolipidi. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwa majini, molekuli hizo hujipanga zenyewe bila ya kufundishwa: vichwa vinaelekea nje, mikia inajificha ndani, na safu mbili zinaangaliana mikia kwa mikia. Hakuna gundi. Kinachozishika pamoja ni kule kuyachukia maji tu. Utando huo ndio unaozuia chumvi, sukari na kila kilichomo ndani visivuje, na ndio unaoiwezesha seli kuhifadhi umeme mdogo kati ya ndani na nje. Ukitobolewa, umeme unapotea, ioni zinapita ovyo na seli inakufa ndani ya dakika chache.

Sabuni huuvunja utando huu kwa sababu nayo ina upande wa maji na upande wa mafuta, basi hujipenyeza katikati ya fosfolipidi na kuzitawanya. Peptidi nazo zina ujanja huohuo, ila kwa ustadi zaidi. Ikiwa kwenye maji matupu, peptidi ya aina hii huwa imelegea, haina umbo maalumu. Ikigusa mafuta hujisokota. Na ikishajisokota, asidi amino zake zinazopenda mafuta zinajikuta zote upande mmoja wa msokoto, zile zinazopenda maji upande wa pili. Hapo ndipo inapoweza kulala juu ya utando, nusu imezama, nusu iko nje.

Nini kinatokea baada ya hapo ni jambo ambalo wataalamu wameshindana nalo kwa miaka mingi, na mabishano yao yana majina ya vyombo vya nyumbani. Wapo wanaosema peptidi kadhaa zinasimama wima, zinapita unene wote wa utando na kupangana kwenye duara, zikaacha tundu katikati. Huo unaitwa mfano wa pipa, kwa sababu peptidi zinakaa kama mbao za pipa. Wapo wanaosema hapana, peptidi zinabaki zimelala juu ya utando, zinazidi kujazana mpaka zinaufunika, halafu utando wote unasambaratika vipandevipande, na huo wameuita mfano wa zulia. Katikati yao, miaka ya 1990, ukazuka mfano wa tatu, ambao tundu linakuwa na ukuta wa mchanganyiko: peptidi pamoja na vichwa vya fosfolipidi vilivyopinda kuelekea ndani.

Pardaksini ilitumiwa kuamua ugomvi huu, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakitumia mitambo ya sumaku inayoweza kuonesha molekuli zimelala upande gani, walichapisha kwamba peptidi hiyo haina njia moja ya kufanya kazi. Kinachoamua ni utando wenyewe. Ukiiweka kwenye utando wa aina fulani ya mafuta, inafanya matundu. Ukiiweka kwenye utando wa mafuta mengine, inaubomoa kwa namna nyengine. Tumezoea kuuliza sumu hii ina nguvu gani. Swali lenye maana zaidi ni sumu hii imekutana na mafuta gani.

Na hapo ndipo bakteria anapoingia.

Utando wa bakteria na utando wa seli zetu vinaonekana sawa kwa mbali, lakini mafuta yake yanatofautiana. Chukua Escherichia coli, bakteria wa utumbo anayejulikana kuliko wote. Takriban robo ya fosfolipidi zake zina chaji hasi. Zetu je? Seli zetu nazo zinazo fosfolipidi za chaji hasi, lakini zimefichwa kwenye safu ya ndani. Safu ya nje, ile inayoangaliana na dunia, ina fosfolipidi ambazo chaji zake zinajifuta, chanya na hasi zimelingana. Tena utando wetu umejaa kolesteroli, ambayo inaukaza na kuufanya mgumu kupenyeka. Bakteria kwa kawaida hana kolesteroli. Kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze kolesteroli haya ni maneno ya ajabu kidogo, lakini bila ya kolesteroli kwenye tando zetu tungekuwa laini mbele ya sumu nyingi.

Peptidi nyingi za kuua bakteria zina chaji chanya. Zinavutwa na utando wa bakteria kwa umeme tu, chanya kwa hasi, na zinaupita utando wetu bila ya kushikwa nao sana. Hakuna ufunguo wala kufuli. Na hili si neno la kukisia. Mwaka 1990, kwenye maabara ya Bruce Merrifield huko Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, lilifanywa jaribio la kulithibitisha. Asidi amino zina umbo la kulia na la kushoto, sawasawa na kandambili: za kushoto na za kulia zina ukubwa mmoja na umbo moja, lakini hazivaliki kwenye mguu usio wake. Viumbe hai hutengeneza protini zao karibu zote kwa asidi amino za umbo moja tu. Merrifield na wenzake walitengeneza peptidi kadhaa, melitini ikiwamo, kwa asidi amino za umbo la pili, yaani peptidi nzima iliyogeuzwa kama iliyo kwenye kioo. Kama peptidi ilikuwa inaua kwa kushikana na protini maalumu ya bakteria, ile ya kioo ingeshindwa kabisa. Haikushindwa. Iliua bakteria kwa nguvu ileile. Mafuta hayajali kandambili ni ya mguu upi.

Kwa hiyo ukitaka dawa, kazi yako si kutafuta kinachoua bakteria. Vitu vinavyoua bakteria vimejaa tele. Sabuni inaua, jiki inaua, maji ya moto yanaua. Kazi ni kupata kinachoua bakteria kikaiacha seli nyekundu ya damu ikae kwa amani. Pardaksini kwa mtihani huo inaanguka. Inapasua seli nyekundu za damu, kama melitini inavyofanya. Gayogayo aliiunda kumfukuza papa, na papa ana seli za aina yetu, si za bakteria.

Lakini mwaka 1996 Ziv Oren na Yechiel Shai, wa Taasisi ya Weizmann huko Rehovot, waliichukua pardaksini na kuichezea kwa namna niliyoipenda. Hawakuigeuza yote. Walibadilisha asidi amino chache tu, wakaweka za umbo la pili katikati ya zile za kawaida, na msokoto ukavunjika. Peptidi iliyovunjika hivyo ilipoteza makali yake dhidi ya seli nyekundu, ila bakteria iliendelea kuwaua. Maana yake, kuupasua utando wetu wenye kolesteroli kunahitaji msokoto uliokamilika. Kuupasua utando wa bakteria wenye chaji hasi kunahitaji umeme na mafuta tu. Mwaka uliofuata walifanya vivyo hivyo kwa melitini, na ikawa hivyo hivyo. Sumu ya samaki wa pwani yetu ilikuwa imegawanywa katika sehemu mbili, moja ya papa na moja ya bakteria.

Si gayogayo peke yake katika samaki bapa. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa kwenye ute wa ngozi ya samaki bapa wa Atlantiki peptidi ya asidi amino 25, pleurosidini, na hiyo kazi yake hasa ni bakteria. Ukifikiri, ni mantiki. Samaki anayelala kwenye tope siku nzima anagusa bakteria wengi kuliko changu anayeogelea juu ya matumbawe. Na kuna jambo la chumvi. Peptidi nyingi za wanyama wa nchi kavu hudhoofika kwenye maji yenye chumvi, kwa sababu ioni za chumvi zinajaa katikati na kuukata ule mvuto wa chanya kwa hasi. Peptidi ya samaki wa bahari lazima ifanye kazi katika maji ya chumvi, la sivyo haina maana. Kwa watengeneza dawa hiyo ni sifa kubwa, maana damu na jasho letu navyo vina chumvi.

Tuondoke baharini kidogo. Ardhi ya Kizimkazi ni ya mawe ya matumbawe, mvua ikinyesha maji yanazama pangoni, lakini ukipanda kuelekea katikati ya kisiwa unakuta madimbwi na mabonde ya mpunga, na kwenye maji ya namna hiyo Unguja anaishi chura aitwaye Xenopus muelleri. Ni chura wa majini moja kwa moja, bapa, mtelezi kupita kiasi, mwenye kucha nyeusi miguuni. Watoto wanaovua kwenye mabwawa wanamjua kwa kuteleza kwake. Kuteleza huko ni dawa.

Habari ilianza kwa ndugu yake wa Afrika Kusini, Xenopus laevis. Mwaka 1987 Michael Zasloff, daktari mtafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, alikuwa akiwapasua vyura hawa ili kuchukua mayai, anawashona, anawarudisha kwenye matangi yasiyo safi. Kidonda kibichi ndani ya maji machafu, na hakuna kilichooza. Akatafuta sababu kwenye ngozi akapata peptidi mbili za asidi amino 23 kila moja, akaziita magainini. Ngozi ya chura huyu inazo nyengine pia, na baadaye ilionekana kwamba zikifanya kazi pamoja zinatoboa utando kwa nguvu kuliko jumla ya kila moja peke yake.

Chura wetu wa Unguja alifikiwa na sayansi hiyo kupitia Ghuba, huko ambako nyumba nyingi za hapa zina ndugu. J. Michael Conlon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Falme za Kiarabu, mjini Al Ain, walichukua ute wa vyura wa jina hilo kutoka mashariki ya Afrika na kutoka magharibi, wakazilinganisha peptidi zake. Mwaka 2011 walichapisha kwamba peptidi zinatofautiana mno. Hawa hawawezi kuwa chura mmoja. Miaka minne baadaye wale wa magharibi wakapewa jina lao, Xenopus fischbergi, na jina la muelleri likabaki kwa huyu wa upande wetu. Dawa iliyoko ngozini ilisaidia kuitambua spishi nzima. Kila aina ya chura ina mchanganyiko wake, na hili linanifanya nisikitike kidogo kila ninaposoma habari za chura wa Kihansi kule Udzungwa, aliyetoweka porini baada ya mwaka 2003 kabla ya wengi wetu kujua kuwa yuko. Walinusurika waliokuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao.

Miili yetu nayo haikuachwa mikono mitupu. Seli nyeupe za damu, ngozi na njia za hewa za binadamu zinatengeneza peptidi ya asidi amino 37 inayofanya kazi hiyohiyo, na wapo ndugu zake wengi kwenye utumbo, machozini na kwenye maziwa ya mama. Mwili unazitumia kwa hadhari. Ndani ya seli nyeupe zimefungiwa kwenye vifuko, na hazifunguliwi mpaka bakteria amekwisha kumezwa. Hadhari hiyo inaonesha kuwa hata sisi wenyewe, tulioziunda, hatuna uhakika zitatubagua sawasawa zikiachiwa ovyo.

Watengeneza dawa wamejifunza hilo kwa gharama kubwa. Dawa ya kwanza ya namna hii ilikuwa gramisidini, aliyoitoa René Dubos mwaka 1939 kutoka kwa bakteria wa udongo, kabla penisilini haijaanza kutumika kwa wagonjwa. Ni peptidi ya asidi amino 15, za umbo la kushoto na la kulia zikipokezana, ambayo inafanya mfereji ndani ya utando ioni zikavuja. Ilikuwa na nguvu, na ilikuwa haiwezekani kudungwa sindano, kwa sababu ilipasua seli nyekundu za damu. Mpaka leo imebaki ya kupaka na ya kudondosha: dawa za macho na malhamu za ngozi. Magainini ilibadilishwa ikawa peksiganani, dawa ya kupaka vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa, kwa kuwa haikuonekana kuzidi vidonge vilivyokuwepo. Ikajaribiwa tena; mwaka 2016 majaribio mapya yakaonesha haizidi hata malhamu isiyo na dawa. Nimesoma wanaosema tatizo lilikuwa biashara, si sayansi. Sikubali moja kwa moja. Kidonda cha kisukari kina damu mbovu na mishipa iliyoziba, na hakuna utando wa bakteria utakaoutoboa ukarudisha damu mguuni.

Iliyofanikiwa kweli ni kolistini, na mafanikio yake yanatisha. Nayo inatokana na bakteria wa udongo. Ni peptidi iliyojikunja duara, yenye mkia wa mafuta na chaji nyingi chanya. Inashika ngozi ya nje ya bakteria wa jamii ya E. coli, ambayo imejengwa kwa molekuli za chaji hasi zilizoshikanishwa na ioni za magnesiamu na kalisiamu. Kolistini inazisukuma ioni hizo, inakaa mahali pake, kisha mkia wake unazama na ukuta unalegea. Iliingia hospitali miaka ya 1950, ikawekwa kando miaka ya 1970 kwa sababu ilidhuru figo na neva, ikarudishwa baadaye pale madaktari walipojikuta na wagonjwa ambao hawasikii dawa nyengine yoyote. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la akiba.

Tumefikaje kwenye akiba? Kila mtu anajua njia hiyo, maana inapita dukani kwetu. Mtu anaumwa tumbo, anaingia duka la dawa, anaomba vidonge vya rangi mbili, anapewa kwa idadi ya fedha aliyonayo mfukoni. Akipata nafuu siku ya pili, vilivyobaki vinawekwa kabatini vimsubiri mgonjwa mwengine. Kuku wa banda la jirani nao wanatiliwa dawa kwenye maji kabla hata hawajaumwa. Matokeo yake wizara ya afya inayaita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi, na makadirio yaliyochapishwa kwenye Lancet mwaka 2022 yanasema usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, huku Afrika kusini ya Sahara ikiwa na viwango vikubwa kuliko kwengine kote.

Kwa muda mrefu watu wa peptidi walijipa matumaini kwamba wao wako salama. Bakteria anaweza kubadili protini moja ikakwepa penisilini, walisema, lakini hawezi kubadili utando wake mzima. Mwezi Novemba mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza wamekuta kwa nguruwe, kwenye nyama buchani na kwa wagonjwa wa hospitali jeni waliyoiita mcr-1. Kolistini ilikuwa ikitumika kwa wingi kwenye ufugaji huko. Jeni hiyo haikai kwenye kromosomu ya bakteria. Imo kwenye kipande cha pembeni cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwengine, hata wa aina tofauti, na ndani ya miezi michache ilikuwa imeshaonekana kwenye mabara kadhaa. Kazi yake ni ndogo. Inabandika kwenye ile ngozi ya nje ya bakteria kipande chenye chaji chanya, na chaji hasi inapungua. Kolistini inafika kama kawaida, haioni cha kuivuta, inapita.